Kiapo cha Seif na Kura za Marekani

Wenzangu wa baraza, mmeniuliza mmoja mmoja, na kila mmoja nimemjibu nusu, kwa sababu aliyefiwa hana pumzi ya maneno mengi. Hamisi wa duka aliniona nikiupita mji wetu wa Ibra, hapa Oman, mchana kweupe, pikapu imefungwa vioo, na kando yangu mzee aliyejifunika uso kwa kilemba kama bibi harusi. Tangu siku hiyo anasema niliiba mtu. Basi naandika yote mara moja. Shule yangu iliishia darasa la nne, Tabora, kwa hiyo mtanistahimilia.

Kaka yangu Nassor, mliyemzika pamoja nasi, alikuwa na rafiki mmoja wa kugombana naye, Seif anayekaa Sur, mji wa pwani. Seif ni mtu wa Unguja, alikuwa karani huko kabla ya mapinduzi, na Kiingereza anakijua. Wawili hawa walifuata siasa za Marekani kama vijana wanavyofuata mpira. Vita vya Kuwait vilipokwisha, Seif alisema rais aliyeshinda vita hawezi kushindwa kura. Nassor akasema Mmarekani vita vikishaisha hutazama bei ya mkate. Mwaka wa tisini na mbili ikawa kama alivyosema Nassor. Rais akang'olewa na gavana kijana, na tajiri mmoja mfupi akajipenyeza katikati kuvuruga hesabu.

Jioni ile Seif alipofika nyumbani kwa Nassor alikuta wanaume wamejipanga mstari sebuleni, Nassor mbele. Kila mmoja akampa mkono na kumwambia "Ahsana Allahu azaak," kama anavyoambiwa mfiwa. Wengine mnaosoma hapa mlikuwamo mstarini. Seif aliwapa mikono yote mpaka wa mwisho, ndipo akasema, "Wallahi, nyumba hii siikanyagi tena mpaka ukoo wa rais yule urudi kutawala Amerika."

Tukacheka. Tulidhani ni kiapo cha wiki moja. Kikaenda miaka minane. Walikutana harusini, msikitini, walipigiana simu wakabishana, lakini nyumbani hakuingia. Hata Nassor alipofariki, Seif alikuja, akatia mchanga kaburini, akakaa nasi siku zote za matanga katika sabla ya mtaa, ukumbi wa wanaume. Nyumbani hakuingia.

Na Nassor alikuwa amemwachia mkewe, Bi Zuwena, maneno haya: "Seif anisamehe, lakini si barabarani. Anisamehe pale pale nilipomwaibisha." Shemeji yangu yuko edani, hatoki. Akaniita akasema, "Khalfan, nenda Sur ukamlete." Ndiyo safari yenyewe.

Ibra kwenda Sur

Niliondoka na pikapu yangu, si lile gari la maji ninaloendesha kazini. Kabla ya Al Kamil gurudumu likapasuka, na nilipotafuta jeki nikakumbuka nimemwazima mtu. Nani, sikukumbuka. Kama ni mmoja wenu, naomba nirudishiwe.

Nikakaa kando ya njia nikitazama mchanga wa jangwa la Wahiba. Ikaja pikapu kuukuu imejaa majani ya mbuzi, inaendeshwa na mama wa kibedui, barakoa usoni, mkono mmoja nje ya dirisha. Akasimama bila kuzima injini.

"Jeki huna?"

"Sina, mama."

"Na mkeo alikuruhusu kutoka?"

Akashuka na jeki yake, akasimama juu ya kichwa changu akinielekeza kila nati. Akauliza nakwenda wapi, nikamwambia ukweli wote kwa Kiarabu changu, kiapo na kila kitu. Akafikiri.

"Ameapa kwa Wamarekani," akasema. "Angeapa kwa mvua. Huku kwetu hainyeshi, lakini ingewahi."

Akachukua jeki yake akaenda zake. Sikupata hata nafasi ya kumshukuru vizuri.

Sur

Nilifika Seif akiwa kibarazani, redio mapajani.

"Shikamoo, kaka Seif."

"Marahaba, Khalfan. Zuwena kakutuma."

"Kanituma."

"Yakhe, umekuja siku yenyewe. Leo wanapiga kura, na mtoto wa yule mzee wangu aliyeng'olewa anagombea. Akishinda, ukoo umerudi, kiapo kimekwisha, natia kanzu naingia garini. Asiposhinda, utarudi na samaki."

Sikujua kama ni siku ya kura. Tangu msiba sikuwa nikisikiliza redio. Redio ya nyumba yetu alikuwa Nassor. Nilimwuliza kwa nini asivunje tu kiapo. Akanitazama kama nimemwambia avue nguo sokoni.

Baada ya chakula, papa mkavu na wali ambao mpaka leo naukumbuka, akanifundisha jinsi Wamarekani wanavyochagua. Alileta sinia ya tende, akazigawa vichungu vichungu. Kila kichungu ni jimbo, kikubwa kwa kidogo. "Mwenye kura nyingi katika jimbo anabeba kichungu kizima," akasema. "Mwengine hapati hata kokwa."

"Hata akipungukiwa moja?"

"Hata moja."

"Basi mtu anaweza kupendwa na watu wengi zaidi nchi nzima na akashindwa?"

"Anaweza. Lakini haitokei."

Mkewe, Bi Asha, alikuwa akipita na buli la kahawa. Akaketi, akachukua tende kutoka kichungu kimoja, ya pili, ya tatu, akisikiliza. Seif akaona kimebaki kitupu.

"Mwanamke, hiyo ilikuwa Florida."

"Ilikuwa tamu," akasema Bi Asha.

Asubuhi, baada ya sala ya alfajiri, redio ikasema hiyo hiyo Florida imechukuliwa na yule mwengine, makamu wa rais. Seif akaingia ndani, akajifunika shuka gubigubi. Kabla chai haijapoa redio ikasema hapana, bado haijulikani ni ya nani. Akatoka. Nikafua shati langu, likakauka. Karibu na adhuhuri redio ikasema mtoto wa mzee ameipata Florida, na kwa Florida amepata Marekani yote.

Seif hakushangilia. Alizima redio kwanza, kwa uangalifu, kama anayefunga mlango wa banda kuku wasitoke. Kisha akasema, "Asha, kanzu yangu ya harusini."

Al Mintirib

Njiani alikuwa mtu mwingine. Alinisimulia Unguja, akanisimulia walivyojuana na Nassor, wawili wageni katika nchi ya babu zao, wakicheka Kiarabu cha kila mmoja. Mara mbili tulisimama kupisha ngamia, na mara zote mbili aliwasalimia ngamia.

Al Mintirib tukasimama kwenye mkahawa wa Mpakistani. Meza ya jirani walikaa wazungu wawili, mume na mke, wekundu kwa jua, pamoja na dereva wa kambi ya watalii ya jangwani. Seif akamwuliza dereva, "Hawa wa wapi?" Dereva akasema Wamarekani. Seif akasimama na biriani yake mdomoni, akanyoosha kanzu, akawaendea. Mimi Kiingereza changu ni cha vipuri vya gari, kwa hiyo nilitazama nyuso. Seif alianza na tabasamu. Mzungu akajibu maneno mawili matatu, akapunga mkono kama anayefukuza nzi. Mkewe akacheka. Seif akarudi polepole akaketi.

"Nimempa hongera," akasema. "Kaniuliza ya nini."

"Hajasikia?"

"Anasema kaja jangwani makusudi asisikie. Nikamwuliza kampigia nani. Hakupiga. Anasema hakuona tofauti." Akasukuma sahani. "Khalfan, mtu yule anayo kura na hakuipiga. Mie sina, na miaka minane sijaingia kwa rafiki yangu."

Mpakistani akadhani biriani ni mbaya, akaleta nyingine bila kuulizwa, ikabidi tuile.

Seif akaenda msikitini. Mimi nilikuwa nimetangulia kusali, nikarudi garini nikawasha redio, kwa mara ya kwanza tangu msiba, kwa sababu nilijihisi mwepesi. Ndipo nikasikia. Wametengua tena. Florida hawajui ni ya nani, itahesabiwa upya, na hakuna rais.

Nikazima. Nilimwona Seif akija kutoka msikitini, kanzu ya harusini, anatembea kama kijana. Ibra si mbali kutoka hapo. Nilisema moyoni: asipojua, ataingia, atasamehe, Nassor atapumzika, na kosa litakuwa la redio.

Ibra, vioo juu

Nilinyamaza mpaka tulipoanza kuiona minara ya Ibra. Nassor aliwahi kuniambia kwamba mimi sina uongo kwa sababu sina akili ya kuutunza, na ni kweli. Ukinikaa tumboni natokwa jasho. Seif akasema, "Mbona unatoa jasho, na sasa ni baridi?"

Nikasimamisha gari kando ya njia, nikamwambia.

Lori likapita, likatutikisa.

"Umesikia lini?"

"Ulipokuwa msikitini."

"Ungenyamaza, ningeingia."

"Najua."

"Na wewe ndiye uliyetumwa unilete."

"Ndiyo, kaka."

"Mjinga wewe," akasema, lakini alinishika bega.

Nilidhani atataka kurudi Sur. Akasema, "Hapana. Nilishatia kanzu. Twende Nizwa, kuna watu wa elimu. Nikaulize jambo hili moja kwa moja." Tatizo ni kwamba kwenda huko lazima tukatize Ibra, na Ibra yote inamjua. Mtu mmoja tu akimwona atasema karibu nyumbani kwa marehemu, na kukataa mlangoni ni aibu kuliko kutokuja. Ndipo akajifunika kilemba na kuniambia nipandishe vioo. Hamisi alipopunga mkono nilitazama mbele. Sasa unajua, Hamisi.

Samad Ash Shan

Injini ilichemka kabla ya magharibi, karibu na mashamba ya Samad Ash Shan. Nilipofungua boneti, mvuke ulimtoa mwenye shamba mbio na ndoo ya maji ya falaji, mfereji wa mashamba. Jina lake Said. Hakuuliza tulikotoka; alisema tu chakula kiko tayari, na ilikuwa wazi hakiko, kwa sababu nyuma ya nyumba tulisikia mbuzi akikamatwa.

Mnajua adabu ya watu wa huku. Tulipokwisha kuketi, mwenyeji akauliza habari rasmi, na mkubwa wetu, Seif, akajibu rasmi kwamba hakuna habari ila kheri. Mwenyeji akauliza tena, Seif akajibu tena, hakuna jipya, salama tu. Baada ya kahawa na tende, habari za kweli zikaruhusiwa.

"Na Amerika, nani kashinda?" akauliza Said.

"Hawajui. Wanahesabu upya."

Said akatukatia embe huku akifikiri. "Maji ya falaji yakishapita kwangu, yamepita. Jirani akisema tupime upya, namwambia kanywe yaliyomo kwenye mitende yangu."

"Mie namtaka yule anayesema yasipimwe upya," akasema Seif.

"Basi wewe ndiye ambaye maji yamepita kwake."

"Sijui kama yamepita. Hiyo ndiyo shida yangu."

Tulilala pale pale. Said alitupatia blanketi lake jipya, lingali katika nailoni yake, nalo likapiga kelele kila tulipogeuka.

Nizwa

Mwalimu tuliyeelekezwa alikuwa akifundisha msikitini karibu na ngome. Mtu mpole, miwani imefungwa kwa uzi. Seif alimweleza yote bila kujipendelea. Mwalimu akasikiliza mpaka mwisho.

"Kiapo cha kumtenga ndugu hakilindwi," akasema. "Kivunje, ulishe maskini kumi."

"Hayo tu?"

"Hayo tu. Miaka minane hukuuliza mtu?"

Seif akatazama mkeka. "Niliogopa kuambiwa hivi."

Mwalimu akainuka. Alitusindikiza mpaka mlangoni, akavaa viatu vyake, akatazama huku na huku, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Na hasa, kashinda nani?"

Seif alitaka kulisha kwanza ndipo aingie, asiache nafasi ya shaka. Tukanunua wali na nyama, mafungu kumi, tukaingia sokoni kutafuta maskini. Ndugu zangu, jaribuni siku moja kutafuta maskini Nizwa. Wa kwanza alikuwa mzee ameegemea ukuta wa soko la mbuzi, kanzu imechakaa, miguu mitupu. Seif akamwinamia kwa heshima akampa fungu.

"La nini?"

"Sadaka, baba. Kafara."

Mzee akalitazama fungu, akatutazama sisi. "Maduka haya yote ni yangu," akasema, na akaonyesha mstari mzima. "Mna njaa nyinyi?" Akatushika mikono, akatuingiza nyuma ya duka, akatulisha samli, asali na mkate mpaka tukashindwa kusimama. Kila Seif alipofungua mdomo kueleza, mzee alimtia tonge.

Kutoka hapo tulikuwa waangalifu. Nje kidogo ya mji tulikuta vibarua kumi wa Kibengali wanajenga ukuta, wakati wa mapumziko yao. Walipokea kwa furaha. Seif akaketi nao chini, kanzu ya harusini mavumbini, akawauliza habari za kwao kwa mchanganyiko wa Kihindi cha Unguja na mikono. Ilikuwa vizuri mpaka mmoja akatoa picha ya nyumba yake kwao, ghorofa mbili, vioo vya buluu.

Seif akanivuta kando. "Huyu si maskini. Huyu ana ghorofa."

"Kaka, ameshakula nusu."

"Ale, namhalalishia. Lakini simhesabu. Waliohesabika ni tisa."

Tukanunua fungu jingine, tukazunguka tena. Kibarua wa bustanini akasema amefunga. Mfagiaji akasema ana kisukari, wali haruhusiwi. Jua likawa linashuka. Seif akaketi kwenye ngazi ya pikapu, akanitazama kwa muda, kwa macho ambayo sikuyapenda.

"Khalfan. Lile gari la maji ni lako?"

"La tajiri."

"Na nyumba?"

"Ya kupanga. Kaka, unajua."

"Na pikapu hii?"

Hatukuhitaji kuijadili pikapu. Akanipa fungu la kumi kwa mikono miwili, akasema, "Nimlishe maskini wangu, bwana, usione haya," na mimi, juu ya asali na samli za yule mzee, nikala mpaka punje ya mwisho. Kama kafara ile ilikubaliwa, sehemu ya kumi yake ni tumbo langu.

Nyumbani

Tuliingia Ibra jioni, vioo chini. Mlangoni Seif alivua viatu, akasimama. Nikadhani atageuka. Akasema bismillahi, akavuka.

Sebule ni ile ile. Bi Zuwena alikuwa nyuma ya pazia la chumba cha pili, sauti yake tunaisikia vizuri.

"Karibu, Bwana Seif."

"Starehe, Bi Zuwena."

"Umechelewa kidogo."

"Nimechelewa."

Aliketi mahali pake pa zamani bila kuonyeshwa. Nikamletea kahawa, akanywa, akatikisa kikombe kuonyesha imetosha, akanirudishia. Kisha akaanza kuzungumza, lakini akiutazama mkeka.

"Kule Unguja, wakati wa siasa, watu walisusiana maziko kwa kura. Mtu hanunui sukari kwa jirani yake, hamwitikii salamu. Nilikuwa kijana, nikayaona. Tulipofika huku nikamwambia Nassor, sisi hayo tena basi. Na ndio maana tukachagua siasa za Amerika, yakhe, za mbali, hazina madhara. Tukazifanya zikawa na madhara." Akapangusa uso kwa ncha ya kilemba. "Nimemsamehe. Hapa hapa. Na yeye anisamehe, kwa kuwa mzaha ni wa siku moja na kununa kwangu ni kwa miaka minane."

Nikafikiri shemeji analia. Lakini aliposema, sauti yake ilikuwa kama ya mtu anayetafuta pa kuanzia.

"Bwana Seif, mwezi ule wa mwisho, kila baada ya sala, ananiambia, Zuwena, omba na mie, yule mtoto ashinde. Nikamwuliza, Nassor, umehamia kwao lini? Akasema, sijahama. Siwapendi hata leo. Lakini akishinda yule, Seif ataingia humu ndani."

Seif aliweka mkono juu ya godoro kando yake, pale alipokuwa akikaa Nassor, akauacha hapo mpaka ilipoadhiniwa.

Asubuhi nilimrudisha Sur. Redio haikuwashwa, wala hatukukubaliana isiwashwe.

Walihesabu, wakabishana, wakaenda mahakamani, na ilipokwisha ilikuwa Ramadhani. Yule mtoto akashinda, na aliyepata kura nyingi zaidi nchi nzima akashindwa, jambo ambalo halitokei. Nilimpigia Seif simu nikamwambia ukoo umerudi. Akaniuliza afya ya Bi Zuwena, na kama lile bomba la jikoni kwake limetengenezwa, maana alilisikia likivuja siku ile. Nikadhani laini ni mbaya, nikarudia: mtu wako kashinda.

"Nimesikia," akasema. "Nassor angefurahi."